Websoketi ni Bomba, si Tanki

Leo nataka tuzungumze kuhusu websoketi, na mfano wetu utakuwa kioski cha maji kilichoko huku kwetu Ndithini, Masinga, kaunti ya Machakos.

Mafunzo mengi ya websoketi huanza kwa chumba cha soga. Unaandika "hujambo" kwenye dirisha moja, neno linatokea kwenye dirisha la pili, unafurahi, somo limekwisha. Sina ubaya na chumba cha soga, hata mimi nilijifunzia hapo. Lakini kina upungufu mmoja mkubwa: ujumbe ukipotea, hakuna anayelala na kiu. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza somo zima akidhani anaijua websoketi, kumbe ameijua nusu tu.

Kazi yenyewe ni hii. Ndithini ni sehemu kavu. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, haliko mbali nasi, nalo ndilo kubwa kuliko mabwawa yote ya umeme ya Seven Forks. Lakini kukaa karibu na bwawa si kuwa na mfereji nyumbani. Watu wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Kikundi kimoja cha hapa kina kisima, pampu ya sola, tanki na vioski kadhaa, na kila kioski kina mama mmoja anayeuza. Malipo ni kwa M-Pesa: mteja anaingiza namba ya Paybill ya kikundi, na mahali pa akaunti anaandika namba ya kioski.

Sasa swali: mama wa kioski atajuaje kwamba pesa zimeingia?

Mnaweza kusema, aangalie ujumbe kwenye simu ya mteja. Wateja wengi ni waaminifu, lakini ujumbe wa simu ni maandishi tu, na maandishi yanaweza kuandikwa na yeyote. Jioni mita ya maji ikisema mitungi 130 na hesabu ya pesa ikisema 120, ile 10 inayopungua inakatwa kwenye mshahara wa mama. Upande wa pili kuna bibi mzee anayelipiwa maji na mwanawe aliyeko Thika. Mjukuu anatumwa kioskini na mtungi, hana simu, hana ujumbe wa kuonyesha. Mama akikataa, bibi anakosa maji yaliyokwisha kulipiwa. Akikubali bila kujua, huenda anajilipia mwenyewe. Kwa hiyo habari ya malipo lazima imfikie yeye, kwenye simu yake, mara tu inapotokea.

Kuuliza-uliza

Mfumo niliokuta hapo ulikuwa wa kuuliza. Tovuti kwenye simu ya mama iliuliza seva kila baada ya sekunde 5: kuna malipo mapya? Hakuna. Kuna malipo mapya? Hakuna. Ni kama kumtuma mtoto kisimani kila mara akaangalie kama maji yameanza kutoka. Mtoto anachoka, na maji hayatoki haraka zaidi kwa sababu umemtuma.

Tupige hesabu. Kila sekunde 5 ni maswali 12 kwa dakika, 720 kwa saa. Kioski kikifunguliwa saa 10 kwa siku, ni maswali 7,200. Tuseme siku hiyo kuna malipo 120. Maana yake maswali 7,080 au zaidi yamejibiwa "hakuna". Tuseme tena kila swali pamoja na jibu lake, na vichwa vyote vya HTTP, ni baiti 800. Hiyo ni karibu megabaiti 6 kwa siku, zaidi ya megabaiti 170 kwa mwezi, na karibu zote zimetumika kuambiwa hakuna kitu. Bando ni pesa. Na redio ya simu haipati nafasi ya kulala hata kidogo, kwa hiyo betri nayo inakwisha mapema.

Historia kidogo

Tatizo hili si la Ndithini peke yake. HTTP iliumbwa hivyo: mteja huuliza, seva hujibu, kisha kila mtu anaenda zake. Seva haina njia ya kuanza kuongea yenyewe. Mwaka 2005 Jesse James Garrett alipoipa jina Ajax ile mbinu ya kuuliza seva bila kupakia ukurasa upya, tovuti zilianza kuwa hai, lakini bado mwulizaji alikuwa kivinjari. Mwaka 2006 Alex Russell akaiita Comet ile hila ya kuuliza kisha kungoja mlangoni: seva haijibu "hakuna", inakushikilia hapo hapo mpaka kitu kitokee. Hila nzuri, lakini ni hila tu. Ukishajibiwa unaanza upya.

Jina la websoketi lilipatikana mwaka 2008, Chrome ikaanza kuitumia mwishoni mwa 2009, na kanuni zake zikakamilishwa Desemba 2011 katika waraka unaoitwa RFC 6455. Katikati ya hapo, mwaka 2009, Ryan Dahl alitoa Node.js, na watengenezaji wa tovuti wengi wakaanza kuzoea kufikiri kwa matukio badala ya maswali.

Miaka hiyo hiyo huku kwetu mambo yalikuwa yanakwenda kasi. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwanzoni mwa 2008 Ushahidi ilianza kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kwa SMS na kwa mtandao, ikiziweka kwenye ramani. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na ujumbe kwenda na jibu lake kurudi kupitia angani ulikula zaidi ya nusu sekunde. Nataja haya ili tukumbuke kwamba wazo la tukio si geni kwetu. Nani hakumbuki kubipu? Simu inalia mara moja na kukatika. Hakuna neno lililosemwa, hakuna senti iliyotumika, lakini umejua: fulani ananitaka. Hilo ni tukio. Limekuja lenyewe, hukuliuliza.

Hodi, karibu

Websoketi huanza kama ombi la kawaida la HTTP. Kivinjari kinabisha hodi kwa kichwa cha Upgrade, kikisema: nataka tuache HTTP, tuongee kwa websoketi, toleo la 13. Pamoja na hodi hiyo kinatuma ufunguo wa bahati nasibu wa baiti 16 ulioandikwa kwa base64. Seva inachukua ufunguo ule, inauunganisha na maandishi maalumu yaliyotajwa katika RFC 6455, inapitisha kwenye SHA-1, na kurudisha matokeo pamoja na jibu namba 101. Hiyo ndiyo karibu.

Wengi hudhani ufunguo huu ni wa usalama. Sio. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili anaielewa websoketi kweli, si seva ya zamani inayojibu chochote inachoulizwa. Usalama unatoka kwenye TLS, yaani anwani inayoanza na wss badala ya ws.

Baada ya hapo njia iko wazi pande zote mbili. Kila ujumbe unavikwa fremu ndogo. Ujumbe mfupi, usiozidi baiti 125, unaongezewa baiti 2 tu ukitoka kwenye seva. Ukitoka kwenye kivinjari unaongezewa baiti 6, kwa sababu kanuni zinataka ufichwe kwa barakoa ya baiti 4. Linganisha na yale mamia ya baiti ya vichwa vya HTTP.

Safari ya shilingi kumi

Tuifuate shilingi 10 ya mtungi mmoja. Mteja analipa. Kupitia Daraja, ambayo Safaricom iliifungua kwa watengenezaji programu mwaka 2017, taarifa ya malipo inatumwa kwenye anwani ya seva yetu: namba ya muamala, kiasi, na namba ya akaunti aliyoiandika mteja. Angalieni: hata hapa hatuulizi, tunaambiwa. Seva inaandika malipo kwenye hifadhidata, inatangaza tukio, na sehemu inayoshika websoketi inamtafuta aliyeunganishwa kwa kioski hicho na kumtumia kitu kama hiki:

{"namba": 418, "tukio": "malipo", "kioski": 3, "kiasi": 10}

Simu ya mama inalia kidogo, na kwenye skrini linatokea neno IMELIPWA na kiasi. Mama anafungua bomba. Akimaliza anabonyeza kitufe, na tukio la pili linarudi kwenye seva: maji yametolewa. Kwa hiyo mawasiliano yanakwenda pande zote mbili.

Ukitazama programu yenyewe, hakuna sehemu inayosema "fanya hiki, kisha kile, kisha kile". Kuna sehemu ndogo ndogo, kila moja imeambiwa: likitokea hili, fanya hili. Malipo yakiingia, andika. Yakiandikwa, tangaza. Mama akijiunga, mpe alichokosa. Akipotea, weka alama. Seva moja inaweza kushika watu wengi waliounganishwa kwa sababu muda mwingi wamenyamaza, na anayenyamaza hahitaji kuhudumiwa. Ni kama mwenye hoteli mmoja mwenye meza 20: hasimami kwenye meza yako ukila. Anasikiliza ni nani anaita.

Bomba si tanki

Sasa tumefika kwenye kiini, na ukisahau mengine yote nakuomba ukumbuke hili: websoketi ni bomba, si tanki.

Bomba hupitisha maji, halihifadhi. Likikatika wakati maji yanapita, yale yaliyokuwa njiani yamemwagika, na ukiliunga tena hayarudi. Websoketi ni vivyo hivyo. Haina kumbukumbu. Ikikatika kwa sekunde 40 na katika sekunde hizo malipo matatu yakaingia, basi ikirudi haitakuambia chochote kuhusu yale matatu. Huku mtandao wa simu unakatika. Mama anaingia ndani ya kibanda cha mabati, mawasiliano yanapungua. Skrini inazimwa, simu inausimamisha ukurasa ili kuokoa betri. Mambo haya hutokea kila siku, kwa hiyo yasiachwe yashughulikiwe baadaye. Yawe msingi wa mpango.

Tanki letu ni hifadhidata. Kila tukio la kioski lina namba inayopanda: 416, 417, 418. Seva inaandika kwanza, inatangaza baadaye, kamwe si kinyume. Simu ya mama inakumbuka namba ya mwisho iliyoiona. Ikiunganishwa tena, neno lake la kwanza ni: niliishia 418. Seva inampa 419, 420, 421, halafu ndipo inaendelea na mapya. Na simu ikiona imetoka 421 kwenda 423, inajua kuna pengo na inaliuliza.

Kuna jambo la pili. Programu ya seva ikisema "nimetuma", usidhani imefika. Bomba linaweza kuwa limekatika upande wa pili na seva haijui bado. TCP inaupokea ujumbe wako kwa upole, inauweka kwenye foleni yake, na kuendelea kujaribu kwa dakika kadhaa kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo simu lazima ijibu: nimepokea 418. Mpaka jibu hilo lifike, kwetu 418 bado haijafika.

Na la tatu: taarifa moja inaweza kufika mara mbili. Mfumo wowote unaotuma habari kwa mtandao, usipopata jibu, huenda ukatuma tena. Namba ya muamala wa M-Pesa hairudiwi, basi tunaitumia kama kizuizi kwenye hifadhidata. Muamala ukija mara ya pili, unapokelewa kwa heshima lakini hauhesabiwi. La sivyo mtu analipa mtungi mmoja na kuondoka na miwili, na mnajua nani atakatwa.

Kimya

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye websoketi kimya kina maana mbili: ama hakuna aliyelipa, ama mawasiliano yamekufa. Kwa macho ya mama zote mbili ni skrini moja, tulivu, isiyo na habari. Hapo ndipo mfumo unaweza kumdanganya mtu bila kusema uongo wowote.

RFC 6455 ina fremu za kuulizana "upo?" na kujibu "nipo", lakini programu ya JavaScript ndani ya kivinjari haiwezi kuzituma wala kuziona. Kwa hiyo seva yetu inatuma ujumbe wa kawaida unaoitwa mapigo, kila baada ya sekunde 25. Kwa nini 25? Kwa sababu nginx, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukata njia iliyonyamaza kwa sekunde 60, na vifaa vya mitandao ya simu navyo husahau njia zisizotumika. Kwa saa 10 ni mapigo 1,440. Hata ukihesabu mizigo ya TCP na TLS, haifiki megabaiti moja kwa siku.

Simu isiposikia chochote kwa sekunde 60, haingoji kuambiwa. Inabadilisha rangi ya skrini kuwa nyekundu na kuandika: SINA MAWASILIANO TANGU SAA 4:12. Halafu inajaribu kujiunga tena baada ya sekunde 1, kisha 2, 4, 8, mpaka 30, kila mara ikiongeza kipande cha muda wa bahati nasibu. Hiyo bahati nasibu si urembo. Seva ikizimwa na kuwashwa, simu zote zikirudi kwa sekunde moja zitaiangusha tena.

Kikundi kilipokaa kujadili mfumo huu, swali gumu zaidi halikuwa la kiufundi. Mama mmoja aliniuliza, "Kijana wangu, ikiwa nyekundu na watu wako kwenye foleni, mimi nifanye nini?" Nikamwambia, "Mama, hilo si la kompyuta kujibu." Walijadiliana wenyewe, wakakubaliana. Skrini ikiwa nyekundu, mama anaandika kwenye daftari jina na idadi ya mitungi, anatoa maji, na mawasiliano yakirudi analinganisha daftari na orodha. Na upungufu uliotokea wakati wa wekundu haukatwi kwenye mshahara wake, unabebwa na kikundi.

Uamuzi huo uliniletea kazi nyingine: seva ihifadhi saa na dakika kila kioski kilipopotea na kiliporudi. Sasa kukatika kwa mawasiliano ni tukio kama malipo, lina namba yake na liko kwenye tanki. Kabla ya hapo, hesabu zilipopishana, neno la mama lilishindana na neno la mashine, na mnajua mashine huaminiwa. Siku hizi mashine inakiri yenyewe kwamba kutoka saa 4:12 hadi saa 4:31 haikuwa inajua kitu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika kazi hii, na haina hata mistari 30.

Mlango usiachwe wazi

Usalama kwa ufupi. Tumia wss peke yake. Hakikisha anayejiunga ni nani kabla ya kumpa tukio lolote, na kioski namba 3 kisipewe malipo ya kioski namba 5. Angalia pia kichwa cha Origin, kwa sababu kivinjari hakizuii tovuti ngeni kufungua websoketi kwenye seva yako, na vidakuzi vya mtumiaji vinaweza kwenda navyo. Na usitume kwenye kioski kile ambacho hakihitajiki: mama anahitaji kiasi na saa, hahitaji namba nzima ya simu ya mteja.

Je, wewe unaihitaji?

Si kila mtu. Kama habari zako zinatoka kwenye seva tu kwenda kwa msomaji, kwa mfano matokeo ya mpira au bei za ndengu sokoni, kuna EventSource. Inatumia HTTP ya kawaida, inajiunga tena yenyewe ikikatika, na hata inakumbuka yenyewe namba ya tukio la mwisho. Kama habari zinabadilika mara moja kwa siku, kuuliza-uliza kunatosha kabisa. Websoketi inafaa pale ambapo pande zote mbili zina la kusema na kuchelewa kunaumiza mtu.

Na kama umeshaijenga, usiijaribu mezani pako kwenye waya mzuri. Chukua simu ya bei nafuu, fungua ukurasa, zima data kwa dakika 3. Wakati huo tuma malipo mawili, na moja ulitume mara mbili. Zima seva na uiwashe. Kisha washa data. Kama skrini iligeuka nyekundu, na sasa inaonyesha malipo mawili, si moja wala matatu, basi una mfumo unaoweza kumkabidhi mtu ambaye mshahara wake unautegemea. Kama sivyo, bado una chumba cha soga.